Orodha ya Sababu na Neno Lililozaliwa: Kuisoma Upya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein

Mwanafunzi aliyesoma historia katika shule ya sekondari nchini Tanzania huweza kutaja sababu za Vita vya Majimaji bila kusita. Atataja kodi, kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba, ukatili wa maakida na wanyapara, na kudharauliwa kwa mila na viongozi wa jadi. Mwishoni ataongeza imani ya maji, ama kama sababu nyingine miongoni mwa sababu, ama kama jambo la ajabu lililoyawasha yale yaliyokwisha kukauka. Orodha hiyo si ya uongo. Kila kipengele chake kina ushahidi. Hata hivyo ina udhaifu mmoja ambao walimu na wanafunzi huupita kwa haraka: inaeleza kwa nini watu waliumia, lakini haielezi kwa nini walisimama pamoja.

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, mara nyingi husomwa kana kwamba ni orodha hiyo hiyo iliyovikwa mavazi ya jukwaani. Msomaji hutafuta ndani yake dhamira ya ukoloni, dhamira ya umoja, dhamira ya ukombozi, kisha hufunga kitabu akiwa ameridhika. Makala haya yanadai kwamba tamthilia hiyo inafanya kazi iliyo kinyume na hiyo. Hussein anaichukua orodha ya sababu, anaionyesha kuwa ni ya kweli, kisha anauliza swali ambalo orodha haiwezi kulijibu: maumivu yanageukaje kuwa vita, na yanapogeuka, ni kitu gani kingine kinachoingia pamoja nayo?

Swali la sababu halikuwa la kitaaluma tu hata wakati vita vyenyewe vilipokuwa vikiendelea. Aliyetaja chanzo alikuwa anamtaja mwenye hatia. Gavana Götzen, aliyeitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1901 hadi 1906, aliandika kitabu juu ya maasi hayo kilichotoka mwaka 1909, na ndani yake uzito mkubwa umewekwa juu ya waganga na ushirikina. Maelezo hayo yalikuwa na manufaa dhahiri kwa mtawala. Kama watu waliasi kwa kudanganywa na mganga, basi mpango wa pamba uliobuniwa na serikali yake mwenyewe haukuwa na kosa. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipoanza kukusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, walikuwa wanaijibu hoja hiyo pia. Kumbukumbu walizozihariri Gilbert Gwassa na John Iliffe mwaka 1968 ziliirudisha pamba katikati ya habari: mashamba ya jumuiya yaliyoanzishwa kuanzia 1902 katika maeneo ya pwani na kusini, yaliyolimwa kwa amri chini ya majumbe na maakida, kwa malipo yasiyolingana na jasho. Haikushangaza kwamba tendo la kwanza la Wamatumbi huko Nandete, mwezi Julai 1905, lilikuwa kung'oa mipamba.

Hussein aliandika baada tu ya kumbukumbu hizo kutoka, na alama zake zinaonekana katika kitabu chake. Lakini tamthilia haianzi shambani, wala haianzi kwa mjeledi. Inaanza na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumza juu ya chakula. Chakula hakuna, au kilichopo hakitoshi. Waume wamechukuliwa kwenda kulima pamba ya watu wengine, na mashamba ya nyumbani yamebaki bila mikono. Mazungumzo ni ya kawaida kabisa, ya watu wanaopima kibaba kilichobaki na kuhesabu siku zilizobaki. Hakuna hotuba.

Wahakiki wengi wameliona onyesho hili kama utangulizi tu, njia ya kumpitisha msomaji hadi kwa mhusika mkuu. Huko ni kulipunja. Karibu miaka thelathini baadaye, mwaka 1997, mwanahistoria Thaddeus Sunseri alichapisha utafiti juu ya Uzaramo ulioonyesha jinsi kuondolewa kwa wanaume vijijini na sheria za kuzuia uwindaji zilivyowaacha wanawake peke yao na mazao, huku nguruwe mwitu wakiyaharibu na njaa ikibisha hodi. Katika hoja yake, mgogoro ulianzia ndani ya kaya kabla haujafika uwanjani. Hussein hakuwa na utafiti huo mkononi. Alichokuwa nacho ni jicho la mtunzi wa jukwaa, linalojua kwamba sera ya gavana haionekani mpaka ifike jikoni. Kodi ni neno la karani. Kwa Bi Kitunda kodi ni chungu kisicho na kitu.

Kutoka njaa tamthilia inapanda hadi fedheha. Kitunda, mtu mwenye heshima miongoni mwa wenzake, anamwona binti yake Chausiku akichukuliwa kwa nguvu na watu wa mamlaka, naye hawezi kuinua mkono. Onyesho hili ni fupi, na uzito wake hauko katika tendo lenyewe bali katika kile kinachobaki baada yake: baba aliyenyamaza mbele ya mke wake. Orodha ya shuleni ingeliandika jambo hili chini ya kichwa cha "ukatili wa wakoloni". Hussein analiandika kama ugonjwa ulioingia kati ya mume na mke, kati ya mtu na nafsi yake. Mtu aliyepigwa anaweza kusimulia kipigo chake. Mtu aliyeshindwa kumlinda mwanawe hana simulizi, ana kimya. Na kimya hakiwezi kuunda jeshi.

Hapa ndipo hoja kuu ya tamthilia inapoanza kujitokeza. Wahusika wa Hussein wote wana sababu ya kupigana, na sababu zao ni zile zile. Hata hivyo Mmatumbi, Mkichi na Mngindo wanapokutana, wanachofanya kwanza ni kugombana. Wanashukiana, wanadharauliana kwa makabila yao, kila mmoja akiamini kwamba mzigo wake ni mzito kuliko wa jirani. Mtunzi anaonyesha jambo ambalo vitabu vya ukombozi hupenda kulificha: dhuluma ya pamoja haizai umoja kwa nguvu zake yenyewe. Mara nyingi huzaa kinyume chake, kwa kuwa mtu mwenye njaa humwangalia mwenye njaa mwenzake kama mshindani wa kibaba kile kile.

Historia inaunga mkono uchungu huu wa mtunzi. Kama sababu zingetosha, vita vingelianza mapema zaidi, kwani kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kutozwa tangu 1898. Na kama pamba pekee ingetosha, ingekuwa vigumu kueleza kwa nini Wangoni, ambao mpango wa pamba wa ukanda wa pwani haukuwa umewafikia, waliingia vitani mwaka huo huo wa 1905. Kilichovuka mito na mipaka ya makabila hakikuwa pamba wala kodi. Kilikuwa maji, na lile neno lililobebwa ndani ya maji.

Katika tamthilia, Kinjeketile anaingia mtoni akiwa ameshikwa na Hongo, anapotea, kisha anaibuka siku ya pili akiwa mkavu. Anawaletea watu maji ya kuwakinga na risasi. Kinachofuata jukwaani ni badiliko ambalo hakuna njaa wala mjeledi uliokuwa umeweza kulileta: watu waliokuwa wakigombana wanaanza kuitana jamaa. Maji yanawapa kile ambacho maumivu hayakuwapa, yaani lugha moja. Mtu hatakiwi tena kueleza ukoo wake. Inatosha kwamba amekunywa. Kwa maana hiyo Hussein hakubaliani na Götzen, aliyeyaona maji kuwa udanganyifu uliowasukuma watu wasio na sababu. Lakini hakubaliani pia na wale wanaoyaona maji kuwa pambo tu la kiimani juu ya sababu za kiuchumi. Maji ni chombo cha kisiasa, na chombo hicho kilifanya kazi.

Ugumu unaingia mahali ambapo msomaji hakuutarajia. Kabla Hongo hajamwachia, Kinjeketile anatamka kwamba watu wakishamwondoa Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati hausiti. Ni Kinjeketile mwenyewe, alipokwisha kupata fahamu, anayerudiwa na maneno hayo na kuyaona kama mwiba. Kumwondoa bwana mmoja na kuwa mtoto wa bwana mwingine ni ukombozi gani? Sauti iliyompa umoja imempa pia mtawala, na hajui ni sauti ya nani.

Hussein hakulibuni jina hilo. Limo katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa katika miaka ya 1960, ambamo wafuasi wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu halisi wa historia, walijitambulisha kuwa watu wa Seyyid Said peke yake, awe Mpogoro, awe Mkichi, awe Mmatumbi. Ajabu iko wazi kwa yeyote anayekumbuka tarehe. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1905 alikuwa amekufa kwa karibu miaka 50, na watu wa Ngarambe walikuwa wanamtaja kama ngao.

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Maskati, London au Toronto, mstari huo wa tamthilia si habari ya mbali. Unagusa jeraha. Wako wanaoupita haraka kwa aibu, wakiona kwamba unaharibu picha ya vita vya kizalendo, kana kwamba mashujaa wa Majimaji walikuwa wanaomba kurudishiwa usultani. Wako wengine wanaoushika kwa furaha kama ushahidi kwamba watu wa bara waliutamani utawala wa Zanzibar na waliuona kuwa bora. Usomaji wote wawili unalichukua jina kama cheo cha mtu. Wote wawili wanasahau kutazama miguu ya watu hao ilikuwa inaelekea wapi walipokuwa wakilitaja.

Miguu yao ilielekea kwa akida. Baada ya kung'oa pamba, Wamatumbi waliandamana hadi Kibata, kumkabili akida wa serikali aliyekuwa mtu wa pwani. Makazi ya wafanyabiashara huko Samanga yalishambuliwa. Kama jina la Seyyid Said lingekuwa na maana ya kuutaka utawala wa watu wa pwani, basi wenye kulitaja wasingeanza vita vyao kwa kuwashambulia watu wa pwani. Maana iliyo karibu zaidi na matendo ni kwamba jina hilo lilikuwa la wakati, si la mtu. Lilikuwa njia ya kusema: kabla ya Mjerumani. Watu waliotawanyika katika koo ndogo, wasio na mfalme mmoja wala neno moja la kuutaja uhuru wao wa zamani, walihitaji jina ambalo Mngindo na Mpogoro wote walikuwa wamelisikia. Jina kubwa zaidi lililokuwepo lilikuwa hilo. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, hakuweza kuja kudai kodi.

Lakini hapa ndipo Hussein anapokwenda mbali zaidi kuliko mwanahistoria. Mwanahistoria anaweza kuridhika kwa kueleza kwamba jina lilikuwa ishara. Mtunzi wa tamthilia anajua kwamba ishara haikai ilipowekwa. Leo jina la Seyyid Said ni njia ya kusema "kabla ya Mjerumani". Kesho atatokea mtu wa kudai kwamba yeye ndiye mrithi wa jina hilo. Kinjeketile anaogopa jambo hilo hasa. Anaona kwamba mwanadamu hulizaa neno, kisha neno likakua na kumpita mzazi wake. Anajaribu kuwazuia watu wasiingie vitani mpaka makabila yote yawe yameungana na mafunzo ya vita yamekamilika, lakini neno halimsubiri tena. Watu waliompa utii kwa sababu ya maji hawamtii anapowaambia wangoje. Msiba wa tamthilia hauko katika risasi za Mjerumani. Umo katika kipindi kile ambapo nabii anasimama kando ya neno lake na kuliona likiondoka bila yeye.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kitabu hiki kilitoka mwaka 1969. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametimiza miaka mitano, na Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili. Lilikuwa taifa lililokwisha kuunganishwa na maneno makubwa, na kila neno lilikuwa limekuja na ahadi yake. Msomaji wa wakati ule aliyeusikia wasiwasi wa Kinjeketile juu ya bwana mpya anayeingia kupitia mlango wa umoja hakuwa na haja ya kurudi 1905 ili auelewe. Miaka miwili baadaye, katika Mashetani ya 1971, Hussein alilirudia swali hilo akiwa ameliweka katika kipindi cha baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, ambamo wahusika wanacheza mchezo wa shetani na binadamu bila kuwa na hakika kama shetani amekufa au amebadili sura. Tamthilia hizo mbili zinafaa kusomwa kama kitabu kimoja chenye sehemu mbili.

Mwisho wa Kinjeketile umesababisha mabishano mengi. Akiwa gerezani, baada ya kushindwa, Kinjeketile anatakiwa akiri hadharani kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa mwenyewe ameyatilia shaka. Kukiri kungemfurahisha Mjerumani, na kungewaachia wajukuu hukumu kwamba kupinga kwenyewe kulikuwa uongo. Anachagua kuliacha neno liendelee, akitumaini kwamba siku moja litakuwa kweli. Mtu anaweza kumwona shujaa. Anaweza pia kumwona mtu anayeificha kweli kwa ajili ya manufaa ya kesho. Hussein hamwondolei msomaji mzigo wa kuamua, na huo ni uaminifu wa hali ya juu kwa kitabu kilichoandikwa katika miaka ya shangwe.

Neno hilo, kwa hakika, lilipata wajukuu. Mwezi Desemba 1956, Julius Nyerere alipozungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa huko New York, aliitaja vita ya Majimaji. Alieleza kwamba watu walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala, na kwamba baada ya kushindwa kwao, kazi ya kizazi chake ilikuwa kuupata uhuru bila kumwaga damu. Katika hotuba hiyo orodha ya sababu ilibadilika. Kodi na pamba zilirudi nyuma, na mbele ikaja haki. Miaka 51 baada ya Nandete, maumivu ya mashamba yalikuwa yamekwisha kuwa hoja ya taifa. Kinjeketile wa tamthilia, ambaye Hussein anasisitiza katika dibaji kwamba si yule wa historia, anazungumza na mjukuu huyu kuliko anavyozungumza na askari aliye mlangoni.

Pamoja na ukubwa wake, tamthilia ina pengo ambalo tahakiki ya haki haiwezi kulinyamazia. Inaishia gerezani, wakati vita halisi viliishia mashambani. Kinjikitile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Yaliyofuata ndiyo yaliyoua wengi zaidi: majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa ikaachiwa imalize kazi. Hesabu ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tumaini la Kinjeketile juu ya wajukuu linasikika kwa sauti nyingine likiwekwa kando ya hesabu hiyo, kwa kuwa wako waliokufa bila kuacha mjukuu wa kulirithi neno.

Pengo hilo linamrudisha msomaji kwa wanawake wa mwanzo. Bi Kinjeketile na Bi Kitunda walifungua tamthilia kwa kuhesabu chakula. Kadiri neno linavyokua, sauti zao zinafifia. Jukwaa linajaa wanaume wanaobishana juu ya maji, umoja na wakati wa kushambulia. Njaa iliyokuwa chanzo cha vita inakuwa matokeo ya vita, lakini wakati huo hawapo wa kuisimulia. Kama Hussein angewarudisha katika onyesho la mwisho, hata kwa dakika chache, swali la thamani ya neno lingeulizwa na wale waliolilipia.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekariri sababu za Majimaji hakosei, na mwalimu wake hana haja ya kuitupa orodha. Anachoweza kumwongezea, akiwa na Kinjeketile mkononi, ni maswali mawili. La kwanza ni nani aliyeyaunganisha maumivu haya, na kwa jina gani. La pili ni jina hilo lilikuwa limembeba nani mgongoni. Watu wa Ngarambe walilijibu la kwanza kwa jina la mtu aliyekufa miaka 50 nyuma, kwa kuwa hawakuwa na jingine lililowatosha wote. La pili walikufa kabla ya kulijibu. Katika chungu cha Bi Kitunda, ambako habari yote ilianzia, bado hakukuwa na kitu.